Damu Inaposhuka kwa Mgonjwa wa Wilson Aliye Kwenye Dawa za Kuondoa Shaba

Mgonjwa wa Wilson (ugonjwa wa shaba kulundikana mwilini) anayemeza penisilamini, trientini au zinki akipungukiwa damu, kosa la kwanza linalofanyika ni kumwandikia vidonge vya madini chuma na kumrudisha nyumbani. Huenda chuma ndicho kinachokosekana kweli. Lakini huyu si mgonjwa wa kawaida wa upungufu wa damu. Dawa yake inaondoa madini ambayo uboho unayahitaji ili utengeneze damu, ini lake huenda lina makovu, bandama lake huenda limevimba, na kidonge cha chuma chenyewe kinaweza kuivuruga dawa inayomweka hai.

Mwongozo huu ni wa mgonjwa, wa ndugu anayemuuguza, na wa daktari au tabibu wa kituo ambaye huenda anakutana na ugonjwa huu kwa mara ya kwanza. Jambo moja litangulie yote: usiache dawa kwa uamuzi wako mwenyewe eti kwa sababu damu imeshuka, na usipandishe dozi kwa sababu tu shaba ya kwenye mkojo imeonekana ndogo. Yote mawili huumiza watu, na yote mawili huzuilika.

Dalili zisizosubiri kliniki ya wiki ijayo

Nenda hospitali siku hiyohiyo, ukiwa na maboksi ya dawa zako mkononi, ukiona mojawapo ya haya:

- homa ya nyuzi 38 au zaidi, au vidonda vya koo na mdomo, huku ukitumia penisilamini;
- fizi kutoa damu, madoa madogo mekundu au ya zambarau kwenye ngozi, damu ya pua isiyokatika;
- choo cheusi kama lami, au kutapika damu;
- macho kuwa ya njano ghafla na mkojo kuwa wa rangi ya chai ya rangi;
- kuhema ukiwa umekaa tu, kuzimia, kuchanganyikiwa au usingizi usio wa kawaida.

Uchovu, kizunguzungu unaposimama, viganja kupauka na moyo kwenda mbio ukipanda ngazi ni dalili za upungufu wa damu wenyewe, lakini hazikuambii umetoka wapi. Kinachotofautisha vyanzo ni vipimo, pamoja na muda uliopita tangu dawa ianze.

Kwa nini kuondoa shaba hupunguza damu

Katika ugonjwa wa Wilson, jeni ya ATP7B ina hitilafu, na ini linashindwa kuitoa shaba kupitia nyongo. Shaba hulundikana kwenye ini, kisha kwenye ubongo na macho. Penisilamini, aliyoileta daktari Mwingereza John Walshe mwaka 1956, huinasa shaba hiyo na kuitoa kwa mkojo. Trientini, iliyoanza kutumika mwaka 1969 kwa wasioivumilia penisilamini, hufanya vivyo hivyo. Zinki ina njia yake. Huzifanya seli za ukuta wa utumbo zitengeneze protini iitwayo metalothionini, protini hiyo hushika shaba ya chakula, na seli hizo zinapobanduka shaba huondoka na choo.

Ila shaba kidogo ni lazima mwilini. Chuma kinapotoka kwenye utumbo, kwenye ini au kwenye seli zinazovunja damu iliyozeeka, hutoka kikiwa katika hali ya Fe2+. Ili transferini ikibebe hadi kwenye uboho, lazima kibadilishwe kiwe Fe3+, na kazi hiyo hufanywa na protini mbili zenye shaba ndani yake: seruloplasmini na hefestini. Shaba ikiondolewa kupita kiasi, chuma hubaki kimefungiwa ghalani. Ndiyo maana feritini (kipimo cha akiba ya chuma) ya mgonjwa wa namna hii inaweza kuwa ya kawaida au hata juu, huku uboho ukikosa chuma. Kumwongezea chuma ni kujaza ghala ambalo mlango wake hauna ufunguo.

Kuna hatua ya pili. Ndani ya uboho, chembe changa nyekundu hutengeneza hemu (sehemu ya hemoglobini yenye chuma) kwenye mitokondria, na mitokondria huhitaji kimeng'enya cha sitokromu oksidesi ambacho nacho kina shaba. Kikipungua, chuma kilichofika pale hakiingizwi kwenye hemu. Hujikusanya kuzunguka kiini cha chembe kama pete ya chembechembe za buluu zinazoonekana kwa rangi maalumu ya maabara. Hizo ndizo sideroblasti zenye pete. Pamoja nazo, chembe changa za uboho, za mstari mwekundu na mweupe, huonekana zina matundu madogo kama mapovu. Ripoti ya uboho yenye pete na mapovu hayo husomwa kwa urahisi kama ugonjwa wa uboho wa wazee unaoelekea kuwa saratani ya damu. Kabla mgonjwa hajaambiwa maneno mazito kiasi hicho, shaba yake ipimwe.

Hapa pana tahadhari kwa daktari. Seruloplasmini ya mgonjwa wa Wilson mara nyingi huwa chini tangu siku alipogunduliwa, kwa hiyo seruloplasmini ndogo peke yake si ushahidi kwamba dawa imezidi. Kinachosaidia ni kuilinganisha na kiwango chake mwenyewe cha mwanzo na kuisoma pamoja na shaba ya damu na ya mkojo.

Vipimo vya kuchukua kabla ya kubadili chochote

Picha kamili ya damu, ile inayoandikwa FBP au CBC, ndiyo ya kwanza. Usisome hemoglobini tu. Soma mistari minne: hemoglobini, neutrofili (aina ya chembe nyeupe), chembe sahani (zinazogandisha damu) na MCV (ukubwa wa wastani wa chembe nyekundu). Kwa mtu mzima, hemoglobini chini ya gramu 13 kwa desilita kwa mwanamume, 12 kwa mwanamke na 11 kwa mjamzito ni upungufu wa damu. Ongeza hesabu ya retikulosaiti (chembe nyekundu changa), feritini, ujazo wa transferini, bilirubini, LDH, vitamini B12, kreatinini na kipimo cha protini kwenye mkojo. Kwenye maeneo ya malaria, pima malaria kabla ya kuilaumu dawa, maana malaria hushusha hemoglobini na chembe sahani kwa pamoja.

Mambo mawili ya kwetu yanapotosha usomaji wa kipimo hiki. Watu wengi wenye asili ya Kiafrika wana neutrofili chache tangu kuzaliwa, kati ya 1,000 na 1,500 kwa mikrolita, na hawana tatizo lolote. Na pwani ya Afrika Mashariki watu wengi wamerithi alfa-thalasemia nyepesi, inayoifanya MCV iwe ndogo maisha yote bila upungufu wa chuma. Dawa ya hayo yote ni moja: picha kamili ya damu ichukuliwe kabla ya kidonge cha kwanza, na karatasi yake itunzwe. Bila karatasi hiyo, neutrofili 1,300 haisemi kitu. Ukiwa nayo na ilikuwa 3,900, umepata jibu.

Kisha shaba. Damu ya kupima shaba huwekwa kwenye chupa maalumu isiyo na mabaki ya madini, kwa kawaida ile yenye kifuniko cha buluu iliyokolea. Chupa ya kawaida inaweza kuongeza shaba ya uongo. Fahamu pia kwamba ujauzito, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni na uvimbe au maambukizi mwilini hupandisha seruloplasmini, na shaba ya damu nayo hupanda.

Mkojo wa saa 24 ndio unaoharibika zaidi, na mara nyingi huharibikia nyumbani. Chukua chupa ya plastiki kutoka maabara. Asubuhi, tuseme saa 1, kojoa chooni na usiuweke ule mkojo, andika saa. Kuanzia hapo kila tone liingie kwenye chupa, la mchana na la usiku, hadi kesho yake saa 1 asubuhi, ambapo unakojoa mara ya mwisho na kuuweka. Usitumie kopo la bati wala sufuria kupokelea. Usiache dawa siku hiyo isipokuwa umeambiwa, na kwenye fomu iandikwe dozi unayotumia. Maabara ipime na kreatinini ya mkojo huohuo ili ijulikane kama umekusanywa wote.

Jibu likija, angalia kipimo chake. Likisema mikrogramu 90 kwa lita, hilo bado si jibu la saa 24. Kama ulikusanya lita 2.4, shaba iliyotoka ni 90 × 2.4, yaani mikrogramu 216. Mtu anayekunywa maji mengi kwa sababu ya joto mkojo wake huwa mwepesi, na asiyezidisha hesabu hiyo atadhani shaba imepungua sana. Likija kwa mikromoli, zidisha kwa 63.5 upate mikrogramu.

Hemoglobini na neutrofili zimeshuka, chembe sahani ziko sawa, na dawa imetumika miezi mingi au miaka

Huu ndio mchoro wa shaba kuondolewa kupita kiasi. Huanza polepole. MCV inaweza kuwa ndogo, ya kawaida au kubwa, kwa hiyo isikuongoze wala isikuzuie. Retikulosaiti ni chache. Kinachokuamsha ni neutrofili kushuka sambamba na hemoglobini, kwa sababu upungufu wa chuma wa kawaida hauzigusi neutrofili.

Hutokea zaidi kwa mtu aliyebaki kwenye dozi ya kuanzia baada ya shaba iliyolundikana kwisha. Mtu mzima huanzishwa penisilamini kidogokidogo hadi miligramu 1,000 hadi 1,500 kwa siku, kisha dozi ya kudumu hushuka hadi 750 hadi 1,000. Trientini nayo huanza kati ya 750 na 1,500 na kushuka hadi 750 au 1,000. Mgonjwa akipotea kliniki akaendelea kununua dawa kwa karatasi ya zamani, miaka mitatu baadaye bado anameza dozi ya mwaka wa kwanza. Wengine wameongezewa zinki juu ya trientini bila dozi kupunguzwa, au wameshikilia mlo usio na shaba kabisa kwa miaka.

Kwa mtu anayetumia penisilamini au trientini kwa dozi ya kudumu, shaba ya mkojo inayotarajiwa ni mikrogramu 200 hadi 500 kwa saa 24. Ikiwa chini ya 100, kuna tatizo. Na hapa ndipo mtego ulipo: shaba ndogo kwenye mkojo ina maana mbili zinazopingana. Ama mwili umebaki na shaba kidogo mno kwa sababu dawa imezidi, ama mgonjwa hamezi dawa, kwa hiyo hakuna kinachoivuta shaba itoke. Ukimpandishia dozi wa kwanza, unamharibu. Ukimpunguzia wa pili, unamharibu pia.

Kinachowatenganisha ni shaba huru ya damu, ile isiyoshikwa na seruloplasmini. Hesabu yake: shaba ya damu kwa mikrogramu kwa desilita, toa mara tatu ya seruloplasmini kwa miligramu kwa desilita. Matarajio ni 5 hadi 15. Chini ya 5 inaelekeza kwenye dawa kuzidi. Juu ya 15, na hasa ikivuka 25, inaelekeza kwenye dawa kutomezwa au kutotosha.

Tuchukue karatasi mbili. Ya kwanza ina shaba ya mikromoli 2.8 kwa lita na seruloplasmini ya gramu 0.05 kwa lita. Ili upate kipimo cha desilita, zidisha shaba kwa 6.35 upate 17.8, zidisha seruloplasmini kwa 100 upate 5. Mara tatu ya 5 ni 15, na 17.8 kutoa 15 ni 2.8. Dawa imezidi. Ya pili ina shaba 7.1 na seruloplasmini 0.06: hiyo ni 45 kutoa 18, inabaki 27. Huyu hamezi dawa, hata kama mkojo wake una shaba ndogo kama wa mwenzake. Hesabu hii ina udhaifu wake. Vipimo vingi vya seruloplasmini huhesabu na ile isiyobeba shaba, hivyo jibu linaweza kuwa chini ya sifuri. Likiwa hivyo, usilitumie. Rudi kwenye neutrofili, kwenye mwenendo wa vipimo vya nyuma, na kwenye mazungumzo ya kweli na mgonjwa kuhusu vidonge vilivyobaki kwenye chupa. Mazungumzo hayo yafanyike kwa upole, kwa sababu mtu akigombezwa hatasema ukweli, na ukweli ndio unaohitajika.

Ikithibitika kwamba dawa imezidi, daktari bingwa huisimamisha kwa muda mfupi au huipunguza, na picha ya damu hurudiwa kila wiki moja au mbili. Retikulosaiti hupanda kwanza, neutrofili hufuata, hemoglobini huja nyuma. Kwa kawaida damu hukaa sawa ndani ya wiki 4 hadi 12. Kisha dawa hurudishwa kwa dozi ndogo kuliko ya awali. Wagonjwa wengi hawahitaji kupewa shaba. Hutolewa kwa nadra, kwa kiasi kidogo na kwa usimamizi wa bingwa, pale hali inapokuwa mbaya au neva zimeguswa. Kusimamisha kunakozungumzwa hapa kuna tarehe ya kurudi iliyoandikwa kwenye faili. Mgonjwa anayesimamisha mwenyewe na kujisikia vizuri kwa miezi kadhaa anaweza kurudi na ini lililoshindwa kabisa, na hapo dawa ileile haitoshi tena kumwokoa.

Nyumbani wanasema: kula maini uongeze damu

Ushauri huu hutolewa kwa mapenzi na ni sahihi kwa watu wengine. Kwa mgonjwa wa Wilson, hapana. Maini ya ng'ombe yaliyopikwa, gramu 100 tu, yana shaba zaidi ya miligramu 10, wakati mtu mzima huhitaji takribani 0.9 kwa siku. Chaza na wenzake wa baharini wenye magamba, korosho kwa wingi, chokoleti na uyoga navyo vina shaba nyingi. Wala aliyegunduliwa kuwa dawa imemzidi asijitibu kwa sahani ya maini; hakuna anayeweza kupima ni shaba kiasi gani imeingia. Nyama ya kawaida isiyo ya ini, mayai, mboga za majani na kinywaji cha rosela havina kizuizi hicho.

Chembe zote tatu zinashuka, na penisilamini imeanza wiki au miezi michache iliyopita

Hii ni hali tofauti na ya hatari zaidi. Penisilamini inaweza kuuzima uboho moja kwa moja, bila kuhusika na shaba. Chembe sahani mara nyingi ndizo hutangulia, kisha nyeupe, kisha nyekundu. Chembe nyeupe zikithibitishwa kuwa chini ya 3,500, au chembe sahani chini ya 100,000 kwa mikrolita, penisilamini husimamishwa siku hiyo hata kama mgonjwa hana dalili, huku ukilinganisha na kipimo chake cha mwanzo. Na kama vipimo vitatu mfululizo vinashuka, hata vyote vikiwa bado ndani ya kiwango cha kawaida, dawa husimamishwa kwanza na sababu hutafutwa baadaye. Usisubiri kipimo cha nne.

Ikiwa ni uboho kuzimwa, mgonjwa harudishwi kwenye penisilamini kwa dozi ndogo. Huhamishiwa trientini au zinki, na uhamisho uanze mapema ili asikae bila dawa yoyote ya shaba. Mwandishi wa cheti aandike wazi jina la dawa na tatizo lililotokea, maana jina la penisilamini hufanana na penisilini na makosa ya dirisha la dawa hutokea.

Katika wiki tatu za mwanzo kuna pia mzio wa mapema: homa, vipele, tezi kuvimba, chembe nyeupe au sahani kushuka, protini kwenye mkojo. Nao ni sababu ya kusimamisha na kumpigia bingwa. Kwa ajili hiyo ratiba ya ufuatiliaji kwenye maelezo ya dawa hii ni kali mwanzoni: picha ya damu na mkojo mara mbili kwa wiki mwezi wa kwanza, kila wiki mbili miezi mitano inayofuata, kisha kila mwezi. Pale ambapo hilo haliwezekani kwa sababu ya umbali, mpango wa chini kabisa ukubaliwe na bingwa kabla ya kuanza, uandikwe, na maabara ya wilaya ijue anakuja nani na lini. Dawa nyingine zinazogusa uboho ziangaliwe pia: zidovudini na kotrimoksazoli ni mifano inayoonekana sana kwenye kliniki zetu.

Penisilamini hupingana na vitamini B6, na upungufu wa B6 nao huleta sideroblasti zenye pete. Kinga yake ni rahisi: pairidoksini miligramu 25 hadi 50 kwa siku, muda wote wa penisilamini. Ukikuta mgonjwa ana penisilamini bila pairidoksini, rekebisha hapohapo.

Chembe sahani ndogo, bandama kubwa, hali ileile kwa miaka

Ini lenye makovu huzuia damu kupita, bandama huvimba na kuzishika chembe za damu. Hapa chembe sahani ndizo zinazoshuka zaidi, nazo hukaa palepale miaka nenda miaka rudi. Kubadili dawa ya shaba hakusaidii. Kando ya Ziwa Victoria na kwingineko penye kichocho cha matumbo, bandama kubwa linaweza kuwa la kichocho, au la vyote viwili. Linalodai haraka ni mishipa iliyotuna ya koo la chakula. Hemoglobini ikishuka ghafla kwa mgonjwa huyu, uliza kuhusu choo cheusi kabla ya kuuliza kuhusu shaba.

MCV ndogo na feritini ndogo: chuma kweli kimepungua

Feritini ndogo haidanganyi. Chanzo kinaweza kuwa hedhi nzito, ujauzito, safura, au damu inayovuja tumboni. Trientini na penisilamini hushika chuma pia, si shaba peke yake. Wanaotumia trientini walio hatarini zaidi ni watoto, wanawake wanaopata hedhi na wajawazito.

Chuma hutolewa, lakini kwa saa zake. Trientini na chuma visikutane tumboni, kwa sababu vikiungana hutengeneza kiwanja chenye sumu. Viachane kwa angalau saa 2, na chuma kiwe cha muda mfupi. Penisilamini ikimezwa pamoja na chuma hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake, hivyo navyo viachanishwe kwa saa 2 au zaidi. Ratiba inayowezekana ni hii: dawa ya shaba saa 12 asubuhi, kifungua kinywa saa 1, fefo (kidonge cha chuma) saa 5 asubuhi, chakula cha mchana saa 7, dawa ya shaba saa 11 jioni, chakula saa 1 usiku. Dawa ya shaba humezwa tumbo likiwa tupu, saa 1 kabla ya chakula au saa 2 baada yake, na vidonge vya kutuliza tindikali viwekwe mbali nayo pia.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawaambiwi. Mtu aliyekuwa akimeza penisilamini na chuma kwa wakati mmoja amekuwa akipata penisilamini pungufu kwa muda wote huo. Siku chuma kikikatwa, penisilamini inayoingia mwilini hupanda ghafla bila dozi kubadilika, na figo zinaweza kuumia. Chuma kikisimamishwa, pima protini ya mkojo na picha ya damu wiki zinazofuata.

Macho ya njano, mkojo mweusi, retikulosaiti nyingi

Hapa damu inatengenezwa lakini inavunjwa. Bilirubini na LDH hupanda. Swali la kwanza si kama dawa imezidi. Ni kinyume chake: je, mgonjwa ameacha dawa? Shaba inayofumuka kutoka kwenye ini linalokufa huvunja chembe nyekundu, kipimo cha Coombs (cha kinga ya mwili iliyoshika chembe nyekundu) kinakuwa hasi, na ini huwa linashindwa wakati huohuo. Huyu anahitaji kituo kikubwa leo. Coombs ikiwa chanya, fikiria kinga ya mwili kushambulia damu, jambo ambalo penisilamini inaweza kulichochea. Kisha malaria, selimundu, na upungufu wa G6PD kwa aliyepewa primakwini au dapsoni karibuni.

Miguu inakufa ganzi, anayumba akitembea gizani, na damu iko chini

Shaba ikikosekana kwa muda mrefu huumiza uti wa mgongo na neva za miguu, kwa dalili zinazofanana kabisa na za upungufu wa vitamini B12. Kwa mgonjwa wa Wilson hatari ni kubwa maradufu, kwani kuyumba kwake husomwa kama ugonjwa wenyewe unazidi, dozi inapandishwa, na neva zinaendelea kuharibika. Ganzi inayopanda kutoka nyayoni, pamoja na neutrofili ndogo, ni sababu ya kupima shaba na B12 wiki hiyohiyo. Damu hurudi karibu kila mara. Neva hazirudi zote.

Anayetumia zinki

Dozi ya mtu mzima ni zinki halisi miligramu 50 mara tatu kwa siku. Zinki salfeti ya miligramu 220 ina zinki halisi 50, na kuchanganya namba hizo mbili huleta dozi isiyo sahihi. Shaba ya mkojo inayotarajiwa ni chini ya mikrogramu 75 hadi 100 kwa saa 24. Ikienda chini ya 25 hivi huku neutrofili zikishuka, zinki imezidi. Zinki ya mkojo juu ya miligramu 2 kwa saa 24 inaonyesha kwamba anaimeza. Hesabu pia zinki ya pembeni: vidonge vya miligramu 20 vya kuharisha vilivyobaki nyumbani, vidonge vya kuongeza kinga, gundi ya meno ya bandia yenye zinki. Zinki ikisimamishwa, athari yake haiishi siku hiyo, kwa kuwa metalothionini hubaki utumboni na akiba ya zinki hutoka taratibu. Tarajia nafuu ya polepole kuliko kwa trientini.

Baada ya damu kurudi

Picha ya damu irudiwe wiki 2 baada ya dozi mpya kuanza, kisha kila mwezi kwa miezi mitatu. Shaba ya mkojo wa saa 24 na shaba huru zipimwe miezi mitatu baadaye, halafu angalau mara mbili kwa mwaka maisha yote. Mjamzito haachi dawa. Dozi ya penisilamini au trientini hupunguzwa kwa robo hadi nusu, hasa miezi mitatu ya mwisho, na picha ya damu hufuatiliwa kila mwezi. Vidonge vya trientini vya miligramu 250 vya aina ya zamani huhifadhiwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Mwenye nyumba isiyo na umeme wa uhakika amweleze daktari mapema, maana dawa iliyoharibika kwa joto huleta karatasi ileile ya mkojo wenye shaba ndogo, na mtu anayemeza kila siku anaonekana kama asiyemeza.